Bibi wa miaka 67: presha, kisukari, kreatinini 142 na goti bovu. Dawa gani ya maumivu ni salama?

TabibuWaZamu

Habari zenu wakuu. Naomba mawazo kuhusu mgonjwa anayerudi Jumatatu.

Mwanamke, miaka 67, kilo 58. Ana presha na kisukari kwa zaidi ya miaka kumi. Anatumia kidonge cha pamoja cha losartani 50 mg na haidroklorothiazidi 12.5 mg mara moja kwa siku, amlodipini 10 mg mara moja, metformini 1 g asubuhi na jioni, glibenklamidi 5 mg asubuhi, na aspirini 75 mg. Miaka miwili iliyopita alilazwa kwa kutokwa na damu tumboni, choo kikiwa cheusi kama lami, akaongezewa damu. Hajawahi kupata kiharusi wala ugonjwa wa moyo. Hana pumu.

Goti la kulia limelika, eksirei inaonyesha nafasi ya kiungo imepungua. Kwa miezi kadhaa amekuwa akinunua diklofenaki 50 mg dukani, na akizidiwa anachomwa sindano ya 75 mg. Anasema sindano haina shida kwa sababu haipiti tumboni.

Presha 158/86. Kreatinini maikromoli 142 kwa lita, miezi minne iliyopita ilikuwa 118. Potasiamu 5.3. Sukari kabla ya kula 6.1. Vifundo vya miguu yote miwili vimevimba, na mwenzangu wa zamu anashauri tumuongezee furosemaidi.

Nafikiria kusimamisha diklofenaki na kumpa meloksikamu 7.5 mg mara moja kwa siku, pamoja na omeprazoli 20 mg ya kulinda tumbo. Inatosha? Na furosemaidi niiongeze?

---

KinuNaMchi (mfamasia)

Meloksikamu usimpe. Furosemaidi isubiri. Nieleze kwa nini, maana makosa ya aina hii huanzia kwenye kuangalia maumivu kabla ya kuangalia figo.

Umeleta umri, uzito na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo), kwa hiyo hesabu ya Cockcroft na Gault inawezekana: 140 toa umri, zidisha kwa uzito, zidisha kwa 1.04 kama ni mwanamke (1.23 kama ni mwanamume), gawanya kwa kreatinini.

(140 − 67) × 58 × 1.04 ÷ 142 = 31

Figo zinachuja takribani mililita 31 kwa dakika. Ile kreatinini ya 118 ilikuwa sawa na 37. Kama maabara yenu hutoa kreatinini kwa miligramu kwa desilita, zidisha kwanza kwa 88.4 ndipo uingize kwenye hesabu. Na hesabu hii huaminika pale tu kreatinini inapokuwa imetulia. Ikiwa inapanda, kama hapa, uwezo halisi wa figo leo huenda uko chini ya hiyo 31. Mzee mwembamba ana misuli michache, hivyo hutengeneza kreatinini kidogo, ndiyo maana 142 haikumshtua mtu.

Sasa angalia dawa alizonazo. Damu huingia kwenye kichujio cha figo kwa mshipa mmoja na kutoka kwa mwingine. Prostaglandini, kemikali ambazo mwili hujitengenezea, ndizo zinazotanua ule wa kuingilia. Diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu na ndugu zao wote huzuia prostaglandini, mshipa ukabana. Losartani hulegeza mshipa wa kutokea. Haidroklorothiazidi inapunguza maji mwilini. Ni kama tangi lililobanwa bomba la kuingizia, likafunguliwa la kutolea, na kisima chenyewe kimekauka nusu: hakuna tena msukumo wa kuchujia. Moja moja figo huzivumilia dawa hizi. Zikikutana tatu, hasa ndani ya siku 30 za mwanzo, figo zinaweza kufeli ghafla, na siku moja ya kuharisha inatosha kumsukuma mtu kwenye hali hiyo.

Meloksikamu huonekana ya kistaarabu kwa sababu hupendelea kimeng'enya cha COX-2, kimoja kati ya vinavyotengeneza prostaglandini, na tumbo huumia kidogo kuliko kwa diklofenaki. Lakini figo nazo hutegemea COX-2. Kubadilisha diklofenaki kwa meloksikamu, au hata kwa selekoksibu, hakupunguzi hatari ya figo. Omeprazoli hukinga tumbo na mwanzo wa utumbo mdogo, basi. Haikingi figo, haishushi presha, haiondoi potasiamu. Dawa za kundi hili zenyewe hupandisha presha kwa wastani wa kama milimita 3 hadi 5, hivyo sehemu ya hiyo 158 huenda imetoka dukani.

Kuhusu sindano: mwambie bibi kwamba diklofenaki haichubui tumbo kwa kuligusa tu. Ikishaingia kwenye damu, kwa mdomo, kwa msuli au kwa njia ya haja kubwa, inazima prostaglandini zinazolinda ukuta wa tumbo kutokea ndani. Aliyewahi kutokwa na damu tumboni hachomwi diklofenaki kwa hoja ya kwamba ni sindano. Tena ikichomwa vibaya takoni inaweza kujeruhi mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu.

Miguu kuvimba ina washukiwa wawili kwenye orodha yako mwenyewe: amlodipini 10 mg, ambayo huvimbisha vifundo kadiri dozi inavyopanda, na diklofenaki, ambayo hushikilia chumvi na maji. Uvimbe wa amlodipini si maji yaliyozidi mwilini, ni maji yaliyovuja kutoka kwenye mishipa midogo, na furosemaidi haiuondoi vizuri. Inachofanya kwa uhakika ni kukausha mgonjwa ambaye figo zake tayari zinalia. Pima kwanza protini kwenye mkojo, sikiliza mapafu, tazama mshipa wa shingo. Kama mapafu ni safi na shingo haikujaa, ondoa diklofenaki, shusha amlodipini hadi 5 mg presha ikiruhusu, halafu mwangalie tena baada ya wiki mbili.

Na hiyo sukari ya 6.1 isikufurahishe sana. Glibenklamidi ina mabaki yanayoendelea kufanya kazi na yanatolewa na figo. Figo zikipungua, yanajikusanya, na sukari hushuka usiku wa manane bila mtu kujua. Orodha ya dawa muhimu ya WHO inaweka gliklazidi na kutamka wazi kwamba glibenklamidi haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60. Muulize anaamka na jasho au kuumwa kichwa?

---

WodiNamba4 (daktari, magonjwa ya ndani)

Naungana na mfamasia. Naongeza dozi, maana "acha hii" bila "mpe hii" humrudisha mgonjwa dukani.

Parasetamoli ndiyo ya kuanzia: 1 g kila baada ya saa 8, yaani vidonge viwili vya 500 mg mara tatu, jumla 3 g kwa siku. Kwa kilo 58 na ini zima, hiyo iko ndani ya mipaka. Angekuwa chini ya kilo 50, mlevi, au amekonda kwa kutokula, ningeshuka hadi 2 g. Anywe kwa saa maalumu kwa wiki mbili mfululizo, asisubiri maumivu yamzidi ndipo ameze. Kabla hujaandika, uliza kama ana dawa nyingine yenye parasetamoli ndani. Vidonge vya mafua karibu vyote vinayo. Diklopa nayo ina parasetamoli na diklofenaki kwa pamoja, na wagonjwa wengi hudhani wameacha diklofenaki kumbe wamebadilisha jina tu.

Parasetamoli ya kuyeyusha kwenye maji, ile inayotoa mapovu, asipewe. Kidonge kimoja cha 500 mg kina karibu miligramu 400 za sodiamu. Sita kwa siku zinapita gramu 2, ambacho ndicho kiwango cha juu ambacho WHO inashauri kwa siku nzima pamoja na chakula. Kwa mwenye presha ni kumlisha chumvi kwa jina la dawa.

Juu ya goti lenyewe, jeli ya diklofenaki ya asilimia 1, gramu 2 hadi 4 mara tatu au nne kwa siku. Kinachoingia kwenye damu ni kama asilimia 6 ya kile cha kumeza. Kidogo, lakini kwa figo za 31 si sifuri, kwa hiyo kwanza subiri kreatinini irudi chini baada ya kuacha vidonge, kisha jaribu kwa wiki mbili na upime tena. Apake goti moja tu. Asifunge kwa nailoni wala kukanda kwa maji ya moto juu yake, joto huongeza kinachopenya. Krimu ya kapsaisini 0.025% haina shida ya figo kabisa. Tatizo lake ni kwamba huwasha kama pilipili siku za mwanzo na nafuu huja baada ya wiki mbili hadi nne. Anawe mikono kwa sabuni, asiguse macho.

Metformini: figo zikichuja kati ya 30 na 45 dozi ya juu ni 1 g kwa siku nzima, kwa hiyo 500 mg asubuhi na 500 mg jioni, na ikishuka chini ya 30 inasimama. Glibenklamidi iondoke leo. Akihitaji mbadala, gliklazidi ya kutoka taratibu 30 mg na kifungua kinywa, lakini pima sukari kwanza kwa wiki moja bila hiyo. Kwa umri wake, sukari ya asubuhi ya 7 au hata karibu 8 ni salama kuliko 4.

Aspirini 75 mg: hana moyo, hana kiharusi, aliwahi kutokwa na damu. Kwake madhara yanazidi faida. Isimamishwe.

Losartani usiiguse kwa haraka. Watu wakiona kreatinini imepanda huikimbilia hiyo, ilhali ndiyo inayomlinda figo mgonjwa wa kisukari mwenye protini kwenye mkojo. Mwenye kosa ni diklofenaki. Losartani husimama kama potasiamu inafika 6.0, au kreatinini ikipanda kwa zaidi ya asilimia 30 baada ya kuianza au kuongeza dozi. Hiyo 5.3 irudiwe kabla hujaiamini: kamba ya kutolea damu ikikaa mkononi muda mrefu, mgonjwa akifumbata ngumi mara nyingi, au damu ikivunjika kwenye chupa ikisubiri usafiri wa kwenda maabara, potasiamu husomeka juu bila kuwa juu.

Mwisho, mfundishe siku za ugonjwa. Akiharisha au kutapika, au hali wala hanywi, asimamishe losartani yenye haidroklorothiazidi pamoja na metformini mpaka ale na kunywa vizuri kwa saa 24 hadi 48. Mwandikie kwenye kadi. Maelekezo ya mdomo huishia mlangoni.

---

MifupaNaViungo

Nakubali kuhusu figo, ila tuseme ukweli kuhusu parasetamoli. Kwa goti lililolika nafuu yake ni ndogo, na mgonjwa aliyezoea sindano ya diklofenaki atasema mmempa maji. Mkimuacha na hiyo tu, ndani ya siku kumi atakuwa dukani.

Naona njia mbili. Ya kwanza, sindano ya steroidi ndani ya goti, methilipredinisoloni 40 mg na ganzi kidogo. Hutuliza kwa wiki kadhaa na haisumbui figo. Ya pili, kama hilo halipo, simamisheni haidroklorothiazidi kwa siku tano, mpeni ibuprofeni 400 mg mara tatu kwa siku hizo tano pamoja na omeprazoli, kisha mrudishe dawa zake.

Na msisahau fimbo. Ishikwe mkono wa kushoto kwa goti la kulia, ncha ya juu ifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono akiwa amesimama wima. Akae kwenye kiti, anyooshe mguu, aushikilie kwa sekunde 5 hadi 10, mara 10, awamu tatu kwa siku. Misuli ya paja ikipata nguvu goti hupumua.

---

KinuNaMchi

Sindano ya gotini, sawa kabisa. Ila ni mgonjwa wa kisukari: sukari itapanda siku mbili tatu za kwanza, wakati mwingine hadi wiki. Apime asubuhi na jioni kwa siku saba, na asichomwe kama goti ni la moto, jekundu, au ana homa, mpaka maji ya goti yapimwe. Isizidi mara tatu au nne kwa mwaka.

Ibuprofeni ya siku tano siwezi kuikubali kwa huyu. Ukiondoa haidroklorothiazidi umeondoa figa moja kati ya mafiga matatu, mawili yamebaki. Bado ana figo za 31, potasiamu 5.3 na historia ya kutokwa damu. Kila kimoja katika hivyo kinatosha kukataa. Tena ukimsimamishia dawa ya presha ili kumpa dawa inayopandisha presha, utapima 170 Ijumaa na mtu wa zamu atamwongezea dawa nyingine.

Kwa mgonjwa mwingine ningekubaliana nawe. Mtu wa miaka 45, figo juu ya 60, hana vidonda, hana ugonjwa wa moyo, hatumii dawa za kukojoza wala losartani na jamii yake: ibuprofeni 400 mg mara tatu baada ya chakula kwa siku tano ni sawa. Mwenye moyo uliofeli, aliyepata kiharusi, au mwenye mishipa ya moyo au ya miguu iliyoziba, diklofenaki ni mwiko kwake hata figo zikiwa nzima; Shirika la Dawa la Ulaya liliweka katazo hilo mwaka 2013. Mwenye pumu muulize kama aspirini au brufeni zimewahi kumbana kifua, na kama ana vinyama puani. Mjamzito asipewe kundi hili kuanzia wiki ya 20 bila sababu nzito, na kuanzia wiki ya 30 asipewe kabisa, kwa sababu hufunga kabla ya wakati mshipa unaomsaidia mtoto kuzungusha damu tumboni.

---

TabibuWaZamu

Nashukuru sana. Mambo matatu zaidi. Tramadoli tunayo ya 50 mg, inafaa? Pili, mwanawe ameniambia kwa simu kwamba mama yake hutafuna vidonge vya magnesiamu kila siku kwa ajili ya kiungulia. Tatu, kuna vidonge vya viungo anavyoletewa na jirani, kopo halina maelezo zaidi ya picha ya goti.

---

WodiNamba4

Tramadoli ni hatua ya mbele, si ya kwanza. Ikibidi, 50 mg usiku kwa siku tatu, kisha 50 mg mara mbili. Figo zikishuka chini ya 30, angalau saa 12 kati ya dozi na isizidi 200 mg kwa siku. Huleta kizunguzungu, na bibi mwenye goti bovu akianguka usiku akienda chooni atavunja nyonga, hapo umehamisha tatizo kutoka gotini. Hutapisha, na kutapika kwa mtu anayetumia losartani kunaturudisha kule kwenye figo. Hufunga choo. Inaweza kushusha sukari, sababu nyingine ya kuondoa glibenklamidi kwanza. Mwenye kifafa, au anayetumia amitriptilini au fluoksetini, asipewe. Kodeini nayo isiwe mbadala, hujikusanya figo zikiwa dhaifu.

Magnesiamu iachwe. Kwa figo nzima ni dawa ya kawaida, kwa figo za 31 magnesiamu haitoki vizuri, inapanda kwenye damu, na mtu huwa mlegevu, presha inashuka, mapigo yanapungua. Mpe omeprazoli 20 mg nusu saa kabla ya kifungua kinywa kwa wiki nne. Lakini kabla ya kuianza, kama unaweza, pima bakteria wa vidonda kwenye choo, kwa sababu omeprazoli ikishanywewa inabidi iachwe wiki mbili ndipo kipimo kiaminike. Akikutwa nao, ukiandika klarithromaisini kumbuka hupandisha amlodipini mwilini, presha inaweza kuporomoka.

Kopo la jirani ndilo linalonitia hofu kuliko vyote.

---

Dirishani (mtoa dawa, duka la dawa muhimu)

Kuhusu kopo, mwambie alilete lenyewe, siyo kulielezea. Dawa za viungo zinazoitwa za asili mara nyingi hukutwa zimechanganywa diklofenaki na deksamethasoni (dawa ya steroidi) bila kuandikwa. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilitoa onyo la namna hiyo mwaka 2022 kuhusu bidhaa zinazouzwa kwa jina la Artri King. Dalili ni hizi: maumivu yanakwisha kwa siku moja mbili tu, uso unakuwa wa mviringo, hamu ya kula inaongezeka, sukari na presha vinapanda bila maelezo. Kama ametumia kwa wiki kadhaa, asiache ghafla bila daktari kujua, kwa sababu tezi za juu ya figo zinakuwa zimelala na mtu anaweza kuzimia presha ikiwa chini. Sampuli na fomu ya njano ya kuripoti madhara ya dawa viende TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania.

Kwa upande wa dirishani, mgonjwa kama huyu haji na kreatinini mkononi. Anakuja na shilingi elfu moja na kusema "nipe ya goti". Kinachosaidia ni maswali mafupi yasiyomchosha: Unatumia dawa ya presha au ya kukojoza? Umewahi kuwa na vidonda au choo cheusi? Umewahi kuambiwa figo, moyo au pumu? Mimba? Ndiyo moja ikitoka hapo, diklofenaki haitoki kabatini, anapewa parasetamoli na anaelekezwa kituoni. Kosa la kawaida ni kuuliza "una ugonjwa wowote?" Mwenye presha iliyotulia kwa dawa atakujibu hana.

Kosa jingine ni majina. Bibi ataambiwa aache diklofenaki, atauziwa dawa ileile kwa jina la kampuni, kwa rangi nyingine. Mwandikieni kwenye kadi kwa herufi kubwa: ASIPEWE DIKLOFENAKI, DIKLOPA, IBUPROFENI, MELOKSIKAMU, PIROKSIKAMU, INDOMETHASINI. Nikiiona hiyo kadi sihitaji kubishana naye.

Na kwa faida ya wengine wanaopita hapa, hiyo magnesiamu hukamata dawa nyingine tumboni zisiingie kwenye damu. Siprofloksasini na doksisaiklini ni mfano. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya VVU, aimeze saa 2 kabla ya magnesiamu au saa 6 baada yake. Dolutegraviri pia hupandisha metformini, hivyo metformini isizidi 1 g kwa siku hata kama figo ni nzima.

---

TabibuWaZamu

Kopo linaletwa Jumatatu. Mwanawe anasema pia mama anakojoa mara kwa mara na mkojo unachoma, bila homa. Kituoni tuna Septrini, siprofloksasini, nitrofurantoini, gentamaisini ya sindano, na amoksisilini yenye klavulaniki asidi. Nilitaka kuanza na Septrini, ya kawaida tu.

---

KinuNaMchi

Septrini ndiyo ya kwanza kuiondoa. Trimethoprimu iliyo ndani yake huzuia figo kutoa potasiamu, na losartani inafanya hivyohivyo. Kwa mtu aliyeanza na 5.3, siku chache zinatosha kuifikisha kwenye kiwango cha kusimamisha moyo. Tena sulfa iliyomo humo ikikutana na glibenklamidi, ambayo bado imo mwilini mwake siku mbili tatu baada ya kuacha, sukari inaporomoka.

Gentamaisini kwa figo za 31 na mkojo wa kuchoma usio na homa, hapana. Nitrofurantoini hufanya kazi ikichujwa na figo hadi kwenye kibofu. Figo zikichuja chini ya 45 dawa haifiki ya kutosha kwenye mkojo huku ikizidi kwenye damu na kuumiza mishipa ya fahamu, na mwenye kisukari tayari yuko karibu na ganzi ya miguu. Wengine hukubali kozi fupi kati ya 30 na 44, lakini huyu figo zake hazijatulia. Siprofloksasini hucheza na sukari kwa anayetumia glibenklamidi, huongeza hatari ya kukatika kwa kano ya kisigino kwa wenye zaidi ya miaka 60, na kama lile kopo lina deksamethasoni hatari hiyo inapanda zaidi.

Imebaki amoksisilini na klavulaniki, kidonge cha 625 mg kila baada ya saa 12 na chakula, siku 7. Juu ya 30 hakihitaji kupunguzwa. Ikishuka chini ya hapo, tumia saa 12 hizohizo na usiende kwenye saa 8. Uliza kwanza kuhusu mzio wa penisilini: vipele ndani ya saa chache, uso kuvimba, kubanwa pumzi. Kama upo, tafuta njia nyingine kabisa na mpigie simu daktari wa hospitali ya wilaya. Mkojo uchukuliwe wa katikati kabla ya kidonge cha kwanza, upelekwe kuoteshwa. Damu ya kreatinini na potasiamu ichukuliwe siku hiyohiyo ya Jumatatu, irudiwe Ijumaa au Jumatatu inayofuata. Potasiamu ikitoka juu ya 6.0, usisubiri kliniki, mpime moyo kwa ECG na umpe rufaa siku hiyo.